Mamba ni wetu, mto si wetu



Siku ya posho iliyopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, hatukutawanyika. Mvua ilikuwa imetufungia njia, na mwenzetu aliyetupokea ana umeme wa jua na kijana mwenye kompyuta. Kijana akasema ana sinema ya mamba. Akatuonya kwamba kuna damu, basi tukafukuza watoto wadogo, tukakaa.

Mamba mwenyewe alikuwa Gustave. Nani kati yetu hamjui? Wale waliokua karibu na Ruzizi walikatazwa kuoga mtoni kwa jina lake. Anasemwa kuwa na urefu wa karibu mita 6, na hesabu ya watu aliowala inaongezeka kila mara inapoelezwa upya. Mfaransa mmoja aliyeishi Burundi miaka mingi, Patrice Faye, alijaribu kumnasa kwa mtego mkubwa wa chuma, akashindwa, na kazi hiyo ilitengenezewa filamu ya kweli mwaka 2004. Miaka mitatu baadaye, 2007, Wamarekani wakatoa sinema ya kubuni, Primeval, kuhusu mamba huyohuyo, na hadithi wakaiweka Burundi, ng'ambo tu ya maji yetu.

Tuliangalia kama nusu saa. Kisha bibi mmoja, ambaye tulidhani amelala, akasema: «Huu si Ruzizi. Milima yetu iko wapi?»

Kijana akatafuta kwenye telefone yake. Bibi alikuwa na haki. Sinema ile ilipigwa Afrika Kusini. Mamba ni wetu, mto ni wa watu wengine. Tulicheka sana. Halafu mama mmoja anayeuza ndagala akauliza swali ambalo ndilo limetuletea ukurasa huu: «Lakini walikosa nini kwetu? Maji tunayo, milima tunayo, mamba tunaye.»

Tulianza na upande wa kwanza: watu wa sinema wanatafuta nini wanapotafuta mji wa ufukoni katika nchi za joto? Maana wanaupenda kweli. Zanzibar wanarudi kila mwaka. Pwani ya Kenya wanarudi. Kuna sababu, na nyingi mama wa shamba anazijua bila kufundishwa.

Sababu ya kwanza ni mwanga. Huku kwetu karibu na ikweta jua linatoka karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Mtu anayelipa wafanyakazi kwa siku anaweza kupanga kazi yake kwa saa, kama sisi tunavyopanga kwenda kisimani. Ulaya wakati wa baridi jua ni la saa chache tu, na wingu linaweza kukaa wiki nzima. Wapiga picha wanapenda hasa saa ile ya kwanza baada ya jua kutoka na ile ya mwisho kabla halijazama, mwanga unapokuja ubavuni na kupaka uso rangi ya asali. Saa sita hawaupendi. Jua likiwa juu ya kichwa, macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili meusi. Ndiyo maana utawakuta wamekaa kivulini wakati huo, na usidhani ni wavivu. Hata sisi tunaacha jembe saa hizo.

Sababu ya pili ni maji. Maji yanarudisha mwanga, kwa hiyo uso wa mtu aliye ufukoni unaangazwa mara mbili, kutoka juu na kutoka chini. Na maji yanatembea yenyewe. Nyuma ya watu wawili wanaozungumza kuna kitu kinachochezacheza bila kulipwa mshahara. Ongeza mitumbwi, nyavu zinazoanikwa, wanawake wanaogombania samaki wa asubuhi: soko kama la Kalundu halihitaji mwigizaji.

Hapa turuhusuni tuseme jambo ambalo limetukera kwa miaka. Mmeona mara ngapi picha ya jua likizama Bujumbura? Watalii wameketi kwenye mchanga, kinywaji mkononi, jua jekundu linashuka nyuma ya milima mieusi. Ile milima ni yetu! Jua la Bujumbura linazama kwetu. Sisi ni ukuta wa nyuma wa picha za jirani, na hakuna anayeandika chini yake neno Uvira. Sisi, kwa upande wetu, tumepewa jua linalotoka ziwani asubuhi, juu ya Burundi, wakati wavuvi wanarudi. Watalii wengi wanakuwa bado wamelala.

Na kuna jambo la tatu ambalo wenzetu wa pwani ya bahari hawana. Ziwa letu liko mita zaidi ya 770 juu ya usawa wa bahari, na milima iliyo nyuma ya Uvira inapita mita 3,000. Kati ya mchanga wenye joto na baridi ya Bijombo, ambako mnajua tunavaa koti mwezi wa saba, hakuna umbali mrefu kama ndege angepita. Mtengenezaji wa sinema angepata ufuko, matete ya Ruzizi, mji wenye vumbi, miteremko ya mihogo, ukungu, malisho ya ng'ombe, vyote katika wilaya moja. Watu hao wanalipa ghali kuhamisha vyombo kutoka nchi moja hadi nyingine kutafuta vitu kama hivyo. Na bado hatujazungumza juu ya usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa ndagala zinapowaka juu ya maji hadi mtu mgeni anauliza ule ni mji gani.

Basi walikosa nini?

Kuna sinema nyingine inayojibu. Mwaka 2000 ilitoka sinema iitwayo Lumumba, ya Raoul Peck. Huyu ni mtu wa Haiti, lakini alilelewa Kongo utotoni, wazazi wake walikuja kufanya kazi Léopoldville. Alitaka kusimulia maisha na kifo cha Patrice Lumumba, hadithi ya Kongo kuliko zote. Lakini wakati huo nchi yetu ilikuwa vitani. Tunakumbuka wote tulikuwa wapi miaka ile. Basi sinema ya Lumumba ilipigwa Zimbabwe na Beira, mji wa bandari wa Msumbiji, kwenye Bahari ya Hindi. Beira ilijengwa na Wareno, ina barabara pana na nyumba za enzi zile za wakoloni, ina joto, ina minazi. Ukiweka magari ya zamani na askari wenye kofia zinazofaa, jicho linakubali kwamba hii ni Kongo. Msumbiji nao walikuwa wamepigana vita vyao miaka mingi, lakini amani ilisainiwa 1992. Miaka michache tu ya utulivu ikatosha. Beira ikapata kuvaa nguo za Léopoldville.

Mama muuza ndagala aliposikia haya alinyamaza, kisha akasema: «Kwa hiyo hata Lumumba alikimbia?» Hatukuwa na la kuongeza.

Ukweli ni kwamba uzuri wa mahali ni kama uzuri wa binti: unaleta wageni mlangoni, lakini mahari inajadiliwa kwa mambo mengine. Watu hamsini wanaokuja na vyombo vya bei kubwa wanauliza: tutalala wapi, tutakula nini, barabara inapita gari, umeme upo, hospitali iko karibu, na kampuni ya bima itakubali kutuandikia karatasi? Pale penye mlio wa bunduki bima inakataa, na bila bima hakuna benki inayotoa pesa. Bijombo gari halifiki. Sisi wenyewe tunashuka kwa miguu na mzigo mgongoni, na mama mwenye uchungu wa kuzaa anabebwa kwenye machela. Tunayajua haya kwa miili yetu, hatungoji mtu wa sinema atuambie.

Lakini msidhani kwamba watu wa sinema daima wanaogopa shida. Zamani walikuja Kongo wakati hapakuwa na starehe yoyote, na hadithi waliyokuja kuitengeneza ilikuwa imetokana na ziwa letu. Tuieleze vizuri, maana watoto wetu hawafundishwi.

Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walikuwa wenye nguvu Tanganyika. Waingereza walileta mashua mbili ndogo zenye injini, Mimi na Toutou, wakazipitisha kwa meli, treni na misitu mpaka Lukuga, pale Kalemie ya leo. Desemba 1915 waliteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 wakazamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Ile kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, ilikuwa imejengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa kwa masanduku hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 walipokuwa wanakimbia. Waingereza waliitoa chini ya maji mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba.

Mwandishi Mwingereza, C. S. Forester, alichukua mambo hayo akaandika riwaya mwaka 1935, na mwaka 1951 mwongozaji wa Marekani, John Huston, akaja kuitengenezea sinema: The African Queen. Alikuja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, nyota wakubwa wa wakati ule. Angeweza kubaki Hollywood na kuchora msitu kwenye kitambaa, lakini alitaka mto wa kweli. Hata hivyo hakuja kwetu. Alienda kwenye mto Ruiki, karibu na Ubundu, upande wa Kisangani, na baadaye Uganda, upande wa Ziwa Albert. Ziwa letu lilikopesha hadithi, maji yakatoka kwingine. Mnaona mtindo?

Kambi ilijengwa msituni. Siafu waliingia. Mashua yenyewe ilizama, ikabidi ivutwe. Na karibu kila mtu aliugua tumbo kwa sababu ya maji, Hepburn akiwa mmoja wa wale walioteseka zaidi. Inasimuliwa kwamba Bogart na Huston ndio waliosalimika, kwa kuwa walikunywa whisky tu. Wamama, hatusemi mfuate mfano huo! Lakini tulipolisoma hili tulitikisa kichwa. Watu walivuka bahari na kamera za thamani, wakaangushwa na kitu ambacho mama yeyote wa Uvira, anayejua kipindupindu ni nini, angewaambia siku ya kwanza: chemsheni. Na pale hadithi ilipotaka waigizaji waingie majini, walirudi kupiga picha hizo ndani ya tangi, studioni Uingereza. Bogart akapata Oscar.

Sasa turudi kwa Liemba, maana kwetu meli hii si ya sinema. Mwaka 1997, baada ya vita vilivyomwondoa Mobutu, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliitumia Liemba kurudisha nyumbani wakimbizi zaidi ya 75,000 waliokuwa wamevuka kwenda Tanzania. Bibi yule aliyeuliza milima iko wapi alikuwa mmoja wao. Siku ile ya mvua alituambia jinsi walivyopanda na vyungu, na mbuzi mmoja aliyefichwa ndani ya kitenge, na jinsi wanawake walivyoanza kulia, kisha kuimba, milima ya upande huu ilipoonekana alfajiri. Meli ya vita ya Wajerumani ikirudisha wamama nyumbani na mbuzi kwenye kitenge! Hiyo sinema haijatengenezwa. Kwa hiyo ndiyo iliyotukaa moyoni kuliko ya mamba.

Kwa nini tunapoteza karatasi ya gazeti letu dogo kwa mambo haya, wakati maharagwe yamepanda bei na watoto wana kikohozi? Kwa sababu kamera zinakuja. Hazikuja za Gustave, lakini nyingine zinakuja, na zinatujia siku ya kilio.

Kivu ya Kusini inajulikana duniani kwa filamu za maumivu. Ile ya Thierry Michel ya mwaka 2015 juu ya Daktari Mukwege na wagonjwa wake wa Panzi ni kazi nzuri, na serikali ya wakati ule iliikataza kwanza, kisha ikaachia. Ile ya City of Joy, kuhusu nyumba ya wanawake kule Bukavu, nayo ni nzuri. Wanawake waliosema ndani yake walichagua kusema, na tunawaheshimu. Lakini mtoto wa nchi ya mbali akiangalia zote, atadhani kwamba Kivu haina arusi, haina mama anayecheka sokoni, haina hata mtu anayepika ndagala kwa nyanya na mawese hadi jirani aulize.

Na tuseme la kwetu wenyewe. Hapa Bijombo, wakati wa kambi, alikuja mtu na telefone kubwa na kofia. Hatumtaji wala hatutaji waliomtuma. Alipiga picha za wamama wakiwa kwenye mstari wa chakula, bila kuuliza, bila kusalimia hata. Miezi ikapita. Mmoja wetu akapigiwa na mpwa wake aliye ng'ambo: «Shangazi, nimekuona.» Alikuwa ameonekana kwenye picha ya kuomba pesa, ameshika sahani, nguo imechanika begani. Pesa hizo zilienda wapi, hakujua. Unajua alitulalamikia nini? Hakusema juu ya pesa. Alisema: «Nilikuwa na kitenge kizuri ndani ya mfuko. Angeniambia, ningebadilisha.»

Tangu siku hiyo swali la mwenzetu limekuwa swali la shirika. Siku amani itakaposimama, na barabara ikafika, watu wa sinema watakuja ufuko huu, hilo hatuna shaka nalo, kwa sababu zile za mwanga na maji na milima. Hapo tutakuwa tumesimama wapi? Kwenye mstari wa chakula, au mezani?

Mezani kuna mambo ya kujifunza kutoka kwa wengine. Watu waliotengeneza The Constant Gardener, iliyotoka 2005, walipiga picha Kibera, Nairobi, na Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Walipoondoka walianzisha mfuko wa kusaidia elimu ya watoto wa sehemu zile walizozitumia. Si kila kampuni ina moyo huo, na hatushauri mtu kutegemea moyo. Yafaa kuandikwa kabla kamera haijatolewa kwenye sanduku.

Mfano wa upande mwingine ni wa Thailand. Kuna ghuba ndogo huko, Maya, mchanga mweupe uliozungukwa na majabali. Sinema The Beach ya mwaka 2000, akiwa na Leonardo DiCaprio, ilipigwa hapo. Watengenezaji walisogeza mchanga na kubadilisha mimea ili ufuko ufanane na ndoto yao, mambo yakafika mahakamani. Baada ya sinema watalii wakafurika, maelfu kwa siku, mpaka mwaka 2018 serikali ikafunga ghuba ili bahari ipumue. Ilifunguliwa tena 2022, kwa masharti. Fikirieni hayo kwenye matete ya Ruzizi, mahali ambapo samaki wanazaliana na viboko wanalala. Ufuko unaweza kuuawa kwa kupendwa.

Halafu kuna hesabu ya jikoni, ambayo wanaume wetu wanapojadili mambo haya hawaitaji kamwe. Tuseme wanakuja watu 50, siku 30. Wanakula mara tatu kwa siku. Hiyo ni sahani 4,500. Nani anapika? Kama hatujajipanga, gari la chakula litatoka Bujumbura na mpishi wake, na sisi tutauziwa magunia matupu. Kama tumejipanga, kikundi cha kilimo kinatoa maharagwe, lenga-lenga na viazi vya Bijombo, wavuvi wanatoa mukeke, wengine wanafua, wengine wanakodisha vitanda, washonaji wanashona nguo za waigizaji. Na maji yanachemshwa! Mama wa washonaji aliuliza kama watu wa sinema wanalipa taslimu au kwa ahadi. Swali zuri. Tuliandika jibu kwenye daftari: nusu mbele, nusu siku ya mwisho kabla gari halijawashwa, na mkataba kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mbele ya wote, hata wasiojua kusoma.

Tuliandika na mengine siku ile. Hakuna picha ya mtoto bila mzazi kukubali. Hakuna picha ya mgonjwa wala ya aliyefiwa siku ya msiba. Anayepigwa picha anapewa nafasi ya kunawa uso na kubadilisha nguo akitaka. Hili la mwisho wanaume wawili waliokuwepo walilicheka. Hatukulifuta.

Kuna aliyesema kwamba tunapanga harusi kabla ya mchumba. Labda. Lakini si lazima mchumba awe mgeni. Angalieni Zanzibar: huko kuna tamasha la filamu tangu miaka ya 1990, watu wanakusanyika Ngome Kongwe kuangalia sinema za Afrika chini ya anga, na mwaka 2021 Mtanzania Amil Shivji alitoa Vuta N'Kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi, kwa Kiswahili, katika vichochoro vyao wenyewe vya Mji Mkongwe. Kuta za zamani, mji umejaa. Ilionyeshwa Toronto, Kanada. Goma, Yole!Africa imefundisha vijana kamera kwa miaka mingi, mji ukiwa na lava na vita. Na Kinshasa ilipigwa Félicité, iliyopata tuzo kubwa Berlin mwaka 2017. Inahusu mama mmoja, mwimbaji wa baa, anayezunguka mji mzima kutafuta pesa za kumpasulia mtoto wake aliyepata ajali. Véro Tshanda Beya anaigiza mama huyo bila kuomba huruma ya mtu. Kila mmoja wetu amewahi kuwa mama yule, mlangoni mwa hospitali, akihesabu noti. Tukiipata, siku moja tutaiangalia pamoja, na watoto wakubwa hatutawafukuza.

Mvua ilipokatika kijana mwenye kompyuta alisema jambo ambalo alikuwa analiogopa kulisema mbele ya mama yake. Hataki tena kwenda machimboni. Anataka kujifunza kupiga filamu, na anataka kuanza na bibi: amsimulie safari ya Liemba, na mbuzi, na wimbo walioimba. Mama yake alinyamaza muda. Machimbo yanaleta pesa, hata kama yanaleta na jeneza, na telefone hailishi mtu mwaka huu. Tuliwaacha wazungumze wenyewe. Tulipata habari siku ya pili kwamba amempa miezi mitatu.

Bibi naye amekubali, kwa masharti yake. Atavaa kitenge cha kijani kile cha Pasaka. Kazi ifanyike asubuhi, kabla jua halijapanda sana, maana macho yake yanauma saa sita (na hivyo, bila kujua, ameomba mwanga uleule wanaoutafuta wakubwa). Na kabla uso wake haujaonekana, ionekane milima kwanza, ili asitokee mtu kuuliza ni wapi.

Telefone ya kijana imejaa na haina nafasi ya saa nzima. Mwenye telefone nzuri aliye tayari kuiazimisha kwa asubuhi moja, alete habari kwa mweka hazina kabla ya siku ya posho. Itarudishwa jioni, ikiwa imechajiwa.